Shamba la Consolate Halikuungua

Maman Euphrasie alikuwa akiuza mboga kwenye soko dogo la Bagira, mtaa ulio juu ya mji wa Bukavu. Mume wake, Papa Léopold, alikuwa mwashi. Kazi ya kujenga haikuwa ya kila siku. Wiki moja kuna ukuta wa kusimamisha, wiki tatu hakuna kitu. Kwa hiyo chakula cha nyumba, masomo ya watoto na dawa, vyote vilitegemea shamba.

Shamba lilikuwa mbali, kule milimani, kando ya barabara ya kwenda Bunyakiri. Wanawake kumi na wawili wa shirika lao la Kikatoliki walikuwa wamekodi bonde moja huko, wakaligawana. Kila Jumanne na Jumamosi walipanda taxi asubuhi. Waliposhuka, walipanda kilima kwa miguu mwendo wa saa nzima. Huko juu kulikuwa na ubaridi mwaka mzima, lakini udongo ulikuwa mweusi na laini. Viazi vilizaa. Maharage yalizaa. Miti ya prune ilizaa pia, yale matunda mekundu yenye umbo la yai ambayo watu wa Bukavu wanayapenda kwa juisi.

Katika safari hizo Euphrasie alitembea siku zote na Maman Consolate. Consolate alikuwa mjane. Mlango wake ulitazamana na mlango wa Euphrasie. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, aliyependa kutafuna karanga njiani na kucheka mambo yake mwenyewe. Mtoto wa mwisho wa Euphrasie alipozaliwa, Papa Léopold alikuwa safarini Walungu. Consolate ndiye aliyemshika Euphrasie mkono mpaka maternité, hospitali ya kujifungulia, kwa miguu, mvua ikinyesha.

Siku ya kugawana bonde, Papa Léopold alifika mapema na kamba na vigingi. Alichagua sehemu ya chini kabisa, ile tambarare, yenye udongo mweusi kupita yote. Consolate hakuwa na mume wa kumtetea. Alipewa sehemu ya juu, kwenye mteremko, penye mawe.

"Haina shida," alisema Consolate. "Mimi nitalima mawe. Labda yataota."

Akacheka. Wengine wote wakacheka pia. Euphrasie aliona haya kidogo, lakini hakusema neno.

Mwaka uliofuata Papa Léopold alipanda matete upande wa chini wa shamba lake, ili kuzuia mbuzi. Matete yalikua, yakafungana, yakawa kama ukuta. Papa Léopold aliyatazama kwa fahari. Alisema hata panya atatafuta mlango.

Kikaja kiangazi, mwezi wa saba. Kilikuwa kiangazi cha ajabu. Kwa siku nne mfululizo mbingu ilikuwa safi bila wingu hata moja, na upepo ulikufa. Bagira kwenyewe watu walivaa sweta asubuhi. Jumamosi wanawake walipanda mlima kama kawaida. Papa Léopold alikwenda nao, kwa sababu hakuwa na kazi ya ujenzi.

Euphrasie ndiye aliyetangulia kufika ukingoni mwa bonde. Alisimama. Kikapu kilimteleza kichwani, kikaanguka.

Chini, shamba lake lilikuwa jeusi.

Majani ya viazi yalikuwa yamelala, meusi na laini kama sombe, majani ya muhogo yaliyochemshwa. Maharage yalikuwa yameanguka juu ya fito zake. Miti thelathini ya prune ilisimama na majani yake makubwa yakining'inia kama nguo zilizolowa. Mashamba matatu ya jirani yaliyokuwa hapo chini, likiwamo la Maman Rehema, nayo yalikuwa yameungua, ingawa si sana. Lakini lake lilikuwa limekwisha.

Euphrasie aliinua macho. Kule juu, kwenye mawe, shamba la Consolate lilikuwa la kijani. Maharage yalikuwa yamesimama. Hakuna jani hata moja lililoguswa.

Consolate alishuka mbio.

"Mungu wangu! Euphrasie, ni nini hii?"

Euphrasie alikuwa akikokotoa kichwani: viazi hivi vilikuwa vya mwezi wa tisa, watoto watakaporudi masomoni. Aliinama, akang'oa shina moja. Akang'oa la pili. Kisha akaanza kung'oa yote, kwa mikono miwili, huku akilia. Papa Léopold alichukua panga, akaenda kwenye miti ya prune. Aliukata wa kwanza karibu na ardhi.

"Mungoje kwanza, Papa," alisema Consolate. "Musikate. Labda itarudi."

Papa Léopold aligeuka na panga mkononi.

"Wewe unajuaje kama itarudi?"

"Sijui. Ninasema tu, labda."

"Yako iko mzima. Ya kwetu imekufa. Na wewe njo unajua itarudi?"

Consolate alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Euphrasie. Euphrasie aliendelea kung'oa. Mpaka saa sita hakukubaki kitu kilichosimama, ila viazi vichache kwenye kona ambayo mikono haikufika.

Jumatano jioni shirika lilikutana nyumbani kwa Papa Christophe, mwenye kuliongoza. Walisali rozari. Kisha kila mtu alisema shida zake, kama ilivyo desturi yao. Zamu ya Euphrasie ilipofika, alisimama. Hakuwa amelala usingizi mzuri tangu Jumamosi.

"Mimi niko na swali moja tu," alisema. "Shamba yangu imeungua. Ya Maman Rehema imeungua. Mbona ya Maman Consolate haikuungua?"

Lilikuwa swali tu. Baadaye Euphrasie alijisemea hivyo mara nyingi. Hakutaja uchawi. Hakutaja sumu. Lakini aliliweka swali katikati ya chumba, na wengine wakaliokota.

"Mimi nilimuona akimwaga kitu jioni," alisema mama mmoja. "Pembeni ya shamba. Kitu cheupe."

"Na mume wake alikufaka namna gani? Nani anajua?"

"Na alisema itarudi. Papa Léopold alisikia."

Consolate alisimama. Rozari ilikuwa bado mkononi mwake. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha.

"Ile cheupe ni majivu," alisema. "Majivu ya jikoni, ya kuzuia konokono. Si mutu yote anajua?" Akamgeukia rafiki yake. "Euphrasie, waambie. Ni wewe ulinionyeshaka."

Chumba kizima kilimtazama Euphrasie.

Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Consolate kumwaga majivu, miaka mitatu nyuma. Ilikuwa rahisi kusema. Maneno mawili yalitosha. Lakini hasira ilikuwa imemjaa, na macho ya watu yalikuwa upande wake, na kuwa upande wa watu wote kuna utamu wake. Aliangalia miguu yake.

"Euphrasie," alisema Consolate tena.

Euphrasie hakuinua kichwa.

Hakuna aliyempiga Consolate. Walimfanyia mambo madogo. Kwenye robine, bomba la mtaa, wanawake walisogeza bidoni zao za maji alipokaribia. Sokoni, watu walipita mbele ya meza yake bila kuuliza bei, na mboga zake zilinyauka. Mawe yalianza kuanguka juu ya mabati yake. Mwenye nyumba alikuja kumwambia kwamba sasa anahitaji nyumba yake kwa ajili ya mdogo wake. Jumamosi iliyofuata, watu walipanda mlima wakang'oa kila kitu katika shamba la mteremkoni. Papa Léopold alikuwa kati yao. Alirudi nyumbani na udongo kwenye viatu na hakutaka kula.

Alhamisi asubuhi Consolate alipakia godoro lake juu ya lori la Bunyakiri. Binti yake Mapendo alikuwa ameolewa huko. Euphrasie alitazama akiwa nyuma ya pazia. Consolate alifunga mlango, akaangalia mlango wa Euphrasie kwa muda, kisha akapanda.

Wiki tatu baada ya mashamba kuungua, pikipiki moja ilipanda mpaka bondeni. Juu yake alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira na mkoba mgongoni. Aliitwa Rosette. Alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, na kazi yake ilikuwa kutembelea wakulima wa milima ile. Alikuwa amesikia kwamba kuna mashamba yaliyoungua.

Wanawake walimzunguka. Papa Léopold alikuwepo, ameegemea jembe.

Rosette hakuuliza mengi. Alipita katika shamba tupu akiangalia chini. Alifika kwenye kisiki kimoja cha prune, akachuchumaa. Kisha aliita.

"Papa, kuja uone."

Ubavuni mwa kisiki palikuwa na machipukizi mawili ya kijani, makubwa kama ncha ya kidole. Rosette alikwaruza ganda kwa ukucha. Chini yake palikuwa pabichi, na maji yakatoka.

"Nani aliikata?"

"Mimi," alisema Papa Léopold. "Ilikuwa imekufa."

"Haikukufa, Papa. Majani njo yalikufa. Muti ulikuwa muzima."

Alikwenda kwenye kona ambayo mikono ya Euphrasie haikufika. Viazi vile vichache vilikuwa vimetoa majani mapya. Rosette alifukua kwa vidole, akawaonyesha viazi vidogo vyeupe vilivyokuwa vinaendelea kukua ndani ya udongo.

"Na hii ingine yote iko wapi?"

Euphrasie alificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Maman Rosette," alisema Papa Léopold, "basi tuambie. Ni nini iliunguza shamba bila moto?"

"Ni baridi, Papa. Kwa Kifaransa tunasema gelée. Umande uligeuka barafu juu ya majani. Barafu inapasua jani kwa ndani. Jua ikitoka, jani inakuwa nyeusi kama imechomwa."

"Barafu?" aliuliza Maman Rehema. "Barafu ni ya mu frigo. Hapa kwetu?"

"Haitokei mara nyingi. Tate, babu yangu, ni mutu wa huku juu, aliiona mara mbili mu maisha yake yote. Inakuja mu kiangazi. Muchana udongo unapata joto ya jua. Usiku ile joto inapanda juu. Kama kuna mawingu, yanaizuia, kama vile blanketi inazuia joto ya mwili. Kama hakuna wingu, na hakuna upepo wa kuchanganya hewa, joto yote inatoroka. Karibu na asubuhi, udongo na majani vinakuwa baridi kabisa."

Rosette alisimama, akanyoosha mkono kuelekea mteremko.

"Sasa musikilize vizuri. Hewa ya baridi iko nzito. Inashuka polepole kama maji. Inatoka kule juu, inateremka mpaka huku chini. Na huku chini inakuta nini?"

Aligeuka akaonyesha matete.

"Inakuta ukuta. Haina njia ya kupita. Inajaa humu ndani kama maji mu bassin. Ni sababu ya hiyo shamba hii iliungua kupita zingine."

Papa Léopold alitazama matete yake.

"Ni mimi nilipanda," alisema mwishowe. "Juu ya kuzuia mbuzi."

"Kwa mbuzi ni vizuri. Lakini muache mulango wa baridi kutokea. Mita mbili, tatu, pale chini kabisa. Muweke fito tu, mbuzi haitapita na hewa itapita."

Kisha Rosette aliinua macho kuelekea mawe ya juu, mahali palipobaki mashimo na mabua makavu.

"Na ile shamba ya kule juu? Ile haikuungua, siyo?"

Jembe la mtu liligonga jiwe.

"Umejuaje?" aliuliza Euphrasie. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Iko juu, maman. Baridi ilipita pale ikienda zake. Haikukaa. Ile haiwezi kuungua kirahisi." Rosette alikunja uso. "Lakini haina kitu. Nani aling'oa?"

Euphrasie aliketi chini, pale pale kwenye udongo. Wanawake walitazama pembeni. Papa Léopold alianza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Rosette alielewa kwamba amegusa kidonda, lakini hakujua ni kipi. Alikuja na kazi yake, akaifanya. Siku ile aliwafundisha mambo yote waliyopaswa kuyajua mapema. Alisema viazi vya kwanza, maharage na nyanya vipandwe juu mteremkoni, na chini ziwekwe kabichi na poireau, vitunguu vya majani, kwa sababu hizo zinavumilia baridi. Alisema udongo unyweshewe maji mchana, kwa kuwa udongo wenye maji unahifadhi joto kuliko udongo mkavu.

"Na tukiona baridi inakuja?" aliuliza Maman Rehema. "Tuwashe moto? Tuchome mipira ya gari?"

"Hapana. Moshi haipashi shamba joto, inaumiza vifua tu. Mufunike. Magunia, vitenge vizee, nyasi, majani ya migomba, yote inafaa. Mufunike mbele ya jua kulala, wakati udongo bado uko na joto. Musimike fito kwanza, ili nguo isilale juu ya majani. Na nguo ifike mpaka chini, sababu joto inatoka mu udongo. Plastiki isiguse jani, itaunguza vilevile. Asubuhi jua ikipanda, mufunue."

"Na kama imeshaungua?" aliuliza Papa Léopold. Hakumtazama mtu.

"Basi munyamaze. Musikate, musing'oe. Muache yale majani mabaya, yanalinda ya chini. Mungoje wiki mbili, hata tatu. Kisha ukwaruze ganda kwa ukucha. Kama ni kijani, iko hai. Kama ni kavu na ya kahawia mpaka chini, hapo njo ukate. Mutu anaumia, anataka kufanya kitu haraka haraka. Hiyo haraka njo inamaliza shamba."

Asubuhi iliyofuata Papa Léopold aliondoka peke yake na panga, akapanda mlima. Alifungua njia ya mita tatu katika matete. Aliporudi mikono yake ilikuwa imekatwakatwa na majani yale makali. Euphrasie alimwekea maji ya moto. Hawakuzungumza juu ya Consolate. Lilikuwa jambo lililolala kati yao kitandani.

Jumatano Euphrasie alisimama tena kwenye shirika.

"Niko na neno," alisema. "Consolate hakufanya kitu. Ilikuwa baridi. Na ile majivu, ni mimi nilimuonyesha. Aliniomba niseme, nikanyamaza. Nilidanganya kwa kunyamaza."

Watu walikohoa. Mama aliyesema ameona kitu cheupe alikuwa akikunja kitambaa chake.

"Maman Euphrasie," alisema Papa Christophe kwa upole, "yule maman aliisha kwenda. Mambo yameisha. Ya nini kuyafufua?"

"Hayajaisha kwake."

"Tutamuombea."

Na wakaimba. Euphrasie alibaki amesimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akaketi, kwa sababu hakujua la kufanya tena. Baada ya siku ile wanawake wawili waliacha kumsalimu. Hawakutaka kukumbushwa.

Mwaka ulipita. Ulikuwa mwaka wa njaa ndogo ndogo. Aganze, mtoto mkubwa, alikaa nyumbani muhula mmoja mzima bila kusoma. Visiki vya prune vilichipuka, lakini havikuzaa mwaka ule. Euphrasie alipanda kabichi, poireau na viazi bondeni. Wanawake walipotaka kugawana shamba la mteremkoni, aliwakatalia.

"Iko na mwenyewe," alisema.

Alililima yeye, baada ya kumaliza lake. Alipanda maharage kati ya mawe, akamwaga majivu pembeni, mchana, watu wakimwona.

Kiangazi kilirudi. Mwezi wa saba, siku moja saa tatu asubuhi, simu ya Euphrasie ililia. Alikuwa Rosette.

"Maman, niko huku juu. Siku ya tatu hakuna wingu, na upepo umekufa. Hii baridi inaleta pua kuuma. Sijui kama itafika barafu, lakini musingoje."

Euphrasie alipita mlango kwa mlango. Wengine walikuja mara moja, wengine walinung'unika, lakini walikuja, kumi kati ya kumi na mmoja. Walibeba magunia, mapazia, shuka zilizochanika. Papa Léopold alikodi lori la rafiki yake mwashi na kujaza majani ya migomba. Walifika jua likiwa bado juu kidogo. Mashamba yalikuwa yamenyweshewa jana yake. Wakasimika fito, wakafunika, wakaweka mawe kwenye pindo za nguo. Jua lilipozama bonde lilionekana kama mahali watu wanapoanika nguo za mji mzima. Walilala wamebanana katika nyumba ya mkulima mmoja aliyewahurumia.

Alfajiri Euphrasie alitoka nje. Nyasi za njiani zilikuwa nyeupe. Aliinama akagusa. Zilivunjika chini ya vidole vyake kwa sauti ndogo. Kwa mara ya kwanza aliiona kwa macho yake, ile iliyokuja usiku ule bila shahidi. Ilikuwa nyeupe na ya kupendeza. Haikufanana na dhambi ya mtu yeyote.

Walingoja jua lipande, kisha wakafunua. Kabichi zilisimama. Viazi vya bondeni vilikuwa vya kijani, ila ncha za majani machache. Visiki vya prune, vilivyofungwa magunia, vilikuwa na majani yake yote. Chini, katika mlango uliofunguliwa kwenye matete, nyasi zilikuwa nyeupe mbali sana kuelekea mtoni. Baridi ilikuwa imepita hapo ikaenda zake. Shamba la yule mmoja aliyekataa kuja lilikuwa jeusi.

"Usikate kitu," Euphrasie alimwambia alipofika akilia. "Ngoja wiki tatu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Maman Rehema alicheza. Euphrasie alipanda peke yake mpaka mteremkoni. Maharage ya Consolate yalikuwa mazima, ingawa hayakufunikwa.

Mavuno yalikuwa mazuri. Viazi vilitosha, na Aganze alirudi masomoni. Maharage ya mteremkoni yalijaza gunia moja na nusu. Papa Léopold alilifunga lile gunia kubwa mwenyewe.

"Umuambie," alisema. Kisha akashindwa kumaliza. "Umupe tu."

Euphrasie alifika Bunyakiri siku ya pili ya safari, amechoka na vumbi. Consolate aliishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mapendo. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alimwona Euphrasie na hakusimama.

"Karibu," alisema, kama mtu anavyomwambia mgeni.

"Nimekuletea maharage. Ni ya shamba yako."

"Shamba yangu iling'olewa."

"Niliipanda tena."

Consolate alitazama gunia. Euphrasie alianza kueleza. Alieleza habari ya mawingu na blanketi, na jinsi baridi inavyoshuka kama maji, na matete ya Léopold. Consolate alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua.

"Kwa hiyo," alisema, "kama mungenipa mimi ile ya chini, ingeungua ya kwangu."

"Ndiyo."

"Na mungesema nini? Mungesema, pole Consolate."

Euphrasie alipiga magoti. "Unisamehe. Nilijua. Siku ile ulipoita jina langu, nilijua."

"Ninajua ulijua. Ni sababu ya hiyo niliita mara mbili." Consolate aliweka ungo chini. "Nimekusamehe. Nilifanya hivyo zamani, kwa ajili ya roho yangu mimi. Lakini Bagira sirudi. Na wewe usije kila mara hapa. Nikikuona, ninasikia mawe juu ya mabati."

Uani, kuku walikuwa wakiparua. Ng'ambo ya njia wanawake watano au sita walikuwa wamesimama kwenye kisima, wakiwatazama.

"Unawaona wale?" aliuliza Consolate. "Maneno ilinifuata na ile lori. Mwezi uliopita mutoto wa jirani alikufa na homa. Sasa hawachoti maji kama niko pale. Mapendo anachota usiku. Maneno yako ya leo ni mazuri, Euphrasie. Lakini mimi nilikuwa nayajua tayari. Usiniambie mimi."

Euphrasie alisimama. Magoti yake yalikuwa na vumbi. Alivuka njia. Wanawake wa kisimani waliacha kuzungumza.

"Mimi ni Euphrasie, natoka Bagira," alisema. "Yule maman mulisikia ni mulozi, muchawi. Ni mimi nilianzisha hayo maneno. Ilikuwa uongo. Ninaomba munisikilize mpaka mwisho."

Aliwaeleza yote: barafu, matete, majivu, shirika, kichwa chake kilichoinama. Hakuacha kitu. Mwanamke mmoja alimcheka. Mwingine alitema mate chini, akaondoka na bidoni yake. Wanne walibaki. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama kusikiliza, akauliza mara mbili kuhusu nguo za kufunikia.

Alipomaliza, mmoja wa wale wanne, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alijaza bidoni, akavuka njia, akaiweka mbele ya mlango wa Consolate.

Consolate aliichukua, akaingia nayo ndani.

Hakumsindikiza Euphrasie barabarani. Euphrasie alikwenda peke yake, akaketi juu ya jiwe, akangoja lori la Bukavu mpaka jioni.